Barua ya Wazi kwa Idara ya Kuondoa Baiskeli

Kwa Mkuu na Watumishi,
Idara ya Kuondoa Baiskeli,
Manispaa ya mji wetu,
Uholanzi.

Waheshimiwa,

YAH: BAISKELI YETU YA SANDUKU MLIYOICHUKUA TENA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, salamu. Tunatumaini hamjambo, na kwamba mvua ya juzi haikuwapata mkiwa ndani ya lile gari lenu lenye paa, viti vya joto na mkono wa chuma wa kunyakulia mali za watu. Sisi hatujambo kiasi. Baba watoto anakohoa, na glavu za watoto ziko juu ya hita ya sebuleni tangu Oktoba, bado mbichi.

Tulipohamia huku kutoka Tanga hatukuhitaji kufundishwa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli. Samaki, mkaa na hata mgonjwa hupanda kariya. Tulichopaswa kujifunza ni kukanyaga pedeli chini ya mvua inayokuja ya ubavuni, na hilo tumelimudu. Nchi yenye baiskeli zipatazo milioni 23 kwa watu milioni 18, mgeni atabishana na nani? Tukanunua baiskeli ya sanduku, watoto mbele chini ya turubai, mimi nyuma katika suruali ya mvua isiyopitisha maji popote isipokuwa pale pa kukalia.

Ambalo hatujajifunza ni kuikuta baiskeli haipo na isiwe imeibwa. Kwetu mtu akiikosa baiskeli yake hupiga kelele za mwizi, na mtaa mzima ukatoka. Hapa nimpigie nani kelele? Mwizi ameacha namba ya kumbukumbu na saa za kazi.

Mnasema tuegeshe kwenye vyuma vya stesheni. Tungependa mno. Ila saa mbili asubuhi vyuma vimeshajaa, na ukiangalia vimejaa nini unaweza kulia: baiskeli mayatima, tairi zimelala, mnyororo mwekundu kwa kutu, tandiko limeota kuvu, moja ina kikapu ambamo mtu amesahau mwavuli na sasa umeota ukoka. Hizo mnazibandika stika kwa upole na kuzipa wiki kadhaa za kujitetea. Yetu, yenye taa zinazowaka na mnyororo uliotiwa grisi jana, hamkuipa hata saa sita. Na kwa taarifa yenu, sanduku haliingii kwenye vyuma hivyo hata viwe vitupu. Mmetuamuru tuegeshe mahali pasipoegesheka, kisha mnatutoza ada ya kukomboa kwa kutoegesha hapo.

Kijana wenu wa simu, ambaye sauti yake ilitoka mahali pakavu, alinisikiliza mpaka mwisho akanijibu kwa msemo wenu ule: mama, wewe hukuumbwa kwa sukari.

Ni kweli. Sikuumbwa kwa sukari. Siku ile nilikuwa nimeshinda nikiwageuza wazee wenu vitandani wasipate vidonda, nikawaosha, nikawalisha kwa kijiko. Nikateremka kwenye treni, nikawachukua wanangu chekechea, nikasimama nao pale kwenye uzio wa stesheni tulipokuwa tumeifunga, mbele ya kipande cha kufuli mlichokikata. Giza, nyuzi joto nne, mvua. Yule mdogo ananiuliza baiskeli yetu iko wapi. Mlitaka nimjibu nini? Kwamba kuna watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo? Hamna haya?

Samahani. Maji yaliniingia sikioni. Turudi kwenye adabu.

Tunayo maombi. Madogo tuyamalize upesi: stika za onyo zisizobanduka kwa mvua, bohari lenu la baiskeli mlizozichukua lisifungwe saa ileile tunapotoka kazini, taa za barabarani zinazotambua mvua na kuwaharakishia wapanda baiskeli kijani, kama walizowekewa wenzetu wa Groningen, turubai letu lirudi na vifungo vyake vyote, na kijana wa sukari apewe likizo, ikiwezekana nje, bila koti.

Ombi kubwa ni upepo.

Bohari mmeliweka ukingo wa kaskazini-mashariki, nyuma ya maghala, kituo cha mwisho cha basi na bado unatembea. Upepo wa nchi hii aghalabu hutoka kusini-magharibi. Maana yake ni kwamba kila anayekomboa baiskeli na kurudi nayo mjini anaupokea wote kifuani, akiwa na watoto wawili na sanduku linalojifanya tanga. Tunafahamu mna mashindano ya taifa ya kupanda baiskeli dhidi ya upepo, kilomita 8.5 juu ya ukuta wa Oosterschelde, kwa baiskeli zisizo na gia. Washiriki wale hujiandikisha. Sisi hatukujiandikisha.

Kwa hiyo tunaomba upepo upangiwe ratiba. Msishtuke. Pwani yetu jambo hili ni la zamani: kaskazi iliteremsha majahazi ya Arabuni hadi Lamu na Unguja, kusi likayarudisha, na wafanyabiashara wakapanga mikopo na harusi zao humo. Hata mvuvi wa ngalawa hutoka alfajiri na upepo wa nchi kavu, akarejea alasiri na upepo wa baharini, bila manispaa yoyote. Ninyi mliofunga bahari kwa ukuta wa kilomita 32 mwaka 1932, mkaifanya Flevoland mkoa mahali palipokuwa maji, mkatua ndege Schiphol chini ya usawa wa bahari, mtashindwa na hili?

Vyombo mnavyo. Ile mitambo mirefu ya umeme iliyosimama baharini iunganishwe kinyume: badala ya kupokea upepo, itoe. Saa moja na nusu asubuhi uvume kuelekea stesheni. Saa kumi na moja jioni ugeuzwe kuelekea majumbani. Ijumaa adhuhuri tawi dogo lielekezwe msikitini. Siku za kukomboa baiskeli, upepo wa kusukuma kutoka bohari moja kwa moja, umejumuishwa katika ada. Kipindi cha majaribio kiitwe tanga mbili, kama tunavyouita ule msimu wa pepo zisizotulia kati ya kaskazi na kusi, kila mtu avumilie. Na kwa kuwa mna mabaraza ya maji tangu karne ya 13, na mnayapigia kura mpaka leo, liundwe na Baraza la Upepo. Nitagombea. Ilani yangu ina ukurasa mmoja, nao umelowa.

Au, kama ratiba ya upepo itachukua muda, ondoeni wale mayatima kwenye vyuma na mtutengee nafasi za masanduku. Lakini tunaelewa kwamba upepo ni rahisi zaidi.

Mwisho, tunawajulisha kwamba baiskeli ya baba watoto iko nje ya stesheni hivi sasa, imefungwa uzioni, maana vyuma vimejaa. Ni ya kijani, kengele yake haifanyi kazi. Tumewaandikia mapema msije mkapata taabu kuitafuta mvuani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mama wa Sanduku

Nakala: Baraza la Upepo (likishaundwa)