Tairi Lisilo na Mlango

Baiskeli ya kawaida ikipata pancha mjini Moshi, dawa yake iko chini ya mti wowote wenye kivuli. Fundi anafungua tairi kwa bisibisi mbili, anavuta tyubu, anaichovya kwenye beseni, anaona mapovu, anapiga msasa, anapaka solusheni, anabandika kiraka, na wewe unaondoka ukiwa umelipa bei ya soda. Muda wote huo hajaacha kubishana kuhusu Simba na Yanga. Ndiyo maana naamini aliyebuni tairi la tyubula hakuwa na ugomvi na mwendesha baiskeli peke yake. Alitaka na fundi anyamaze.

Tairi hilo ni la baiskeli za mashindano. Tyubu imezungushiwa kitambaa kigumu, kitambaa kimeshonwa upande wa ndani mzunguko mzima, juu ya mshono umebandikwa utepe, halafu vyote hivyo vimegundishwa kwenye ringi. Ni soseji iliyoungana kichwa na mkia. Ringi yake haina kingo za kulishika. Ina bonde tu la kulalia gundi. Baiskeli yangu ya Kiitaliano, nyekundu, iliyoshuka kwenye kontena la mitumba, ilikuja na matairi ya aina hii, na muuzaji akaniapia kwamba hayapati pancha. Hakusema uongo. Pale kwake yalikuwa yamening'inia ukutani.

Mwiba wa mgunga haukusikia kiapo hicho. Nilikokota baiskeli hadi kwa fundi wangu, naye akatafuta pa kuingizia bisibisi. Akazunguka tairi mara ya kwanza, akazunguka tena kinyume, akavua kofia.

"Bosi, hii tairi haina mlango."

Kamati ya ushauri ikakaa papo hapo. Dereva wa bodaboda alishauri tuchome na kisu chenye moto. Muuza karanga alisema ni ya Wachina, ukiipiga inafunguka. Fundi, ambaye ana heshima ya kulinda, akajaza upepo na kulizamisha gurudumu lote kwenye beseni. Mapovu yakatoka kwenye vali. "Vali imekufa," akatangaza, na kamati ikaitikia.

Vali ilikuwa nzima. Hapo ndipo uchawi wa tairi hili ulipo: tundu likiwa hata upande wa pili, upepo unasafiri kimyakimya kati ya tyubu na kitambaa mpaka unapopata upenyo, na mara nyingi upenyo wenyewe ni pale vali inapotokea. Maji, shahidi anayeaminika katika kesi zote za pancha, hapa anatoa ushahidi wa uongo. Inabidi ulikague tairi kwa nje, kwa jicho na kwa kidole, mpaka umpate mwiba mwenyewe. Aliyempata ni muuza karanga, ambaye tangu siku hiyo anajiita injinia.

Tulipolibandua na kuchana utepe kidogo, fundi aliona mshono, na uso wake ukapata nuru ya mtu aliyepata sababu halali ya kukataa kazi. "Hii peleka kwa fundi viatu."

Fundi viatu ni mzee anayekaa karibu na soko la Memorial. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho.

"Namba ngapi?"

"Mia saba, mzee."

Akaniangalia miguu. Nikamwonyesha maandishi ubavuni mwa tairi, akatikisa kichwa na kulipokea bila swali lingine. Kwa kweli hakuna mtu mjini aliyelielewa tairi lile upesi kama yeye. Kwanza alichora mistari ya kalamu kukatisha mshono, ili wakati wa kurudishia kila tundu limkute mwenzake. Akakata nyuzi urefu wa kiganja tu, akavuta kipande cha tyubu, nyembamba ajabu, akaziba. Akaanza kushona kwa kufuata matundu yaleyale ya zamani, taratibu, bila kukaza sana wala kulegeza sana, maana ukikaza tairi linapata kiuno na ukilegeza linapata kitambi. Nilikuwa nimeshaanza kumsifu moyoni. Msharasi wake ukaingia mshono wa mwisho, nasi sote wawili tukasikia: psii.

"Umeusikia?" aliniuliza.

"Nimeusikia, mzee."

"Basi kaa."

Akafumua, akaziba tena, akashona tena. Nilipokuja kulichukua lilikuwa linang'aa. Alikuwa amelipiga kiwi, ubavu wote, kwa huruma yake tu na bila kuniongezea bei. Soksi zangu nyeupe bado zina kumbukumbu ya huruma hiyo.

Gundi ya ringi ni ibada peke yake. Unapaka tabaka jembamba kwenye ringi na kwenye utepe wa tairi, unaacha mpaka kesho. Unapaka la pili, unaacha. La mwisho linapakwa siku ya kuvalisha: vali inatangulia, ringi imesimama sakafuni, unalivuta tairi kushoto na kulia kwa uzito wako wote, na kipande cha mwisho unakisukuma kwa vidole gumba huku ukiomba. Halafu unajaza upepo na kulilaza usiku mzima. Gundi hii haikauki kama gundi ya viatu; inabaki inanata, na ndivyo ilivyokusudiwa, ili mkimbiaji akipata pancha aweze kubandika tairi la akiba njiani.

Kunata huko kulimkuta mama mkwe. Alifika bila taarifa, kama ilivyo haki yake, akakaribishwa sebuleni ambako gurudumu lilikuwa linasubiri tabaka la pili. Aliposimama kwenda jikoni, gurudumu nalo likasimama. Pindo la khanga lilikuwa limekamata ringi.

"Baba," aliniita kwa upole, "hili duara lenu limenishika."

Mkwe wa kiume haparamii khanga ya mama mkwe kuibandua. Nilitoka nje kumwita mke wangu, aliyekuwa kwa jirani, na mama akabaki amesimama na gurudumu lake kwa utulivu mkubwa. Khanga ilipona. Habari zilifika ukoo mzima kabla ya jioni.

Utauliza kwa nini mtu ajitese, na hasa baada ya wenzetu kumaliza tatizo hili zamani. Dunlop alileta tairi la upepo mwaka 1888, nalo lilikuwa la gundi. Mwaka 1891 tu, akina Michelin walikuwa na tairi la kufunguliwa, na Charles Terront akashinda nalo mbio za kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Kesi ingefungwa pale. Lakini wakimbiaji waling'ang'ania gundi zaidi ya karne, kwa sababu gurudumu lake ni jepesi, na tairi likiisha upepo linabaki limekaa kwenye ringi, unaendelea polepole mpaka gari la timu lifike. Nyuma yangu mimi kuna daladala, nayo haibebi magurudumu ya akiba.

Na gundi yenyewe si ya kuaminiwa kipofu. Julai 2003, kwenye Tour de France, Joseba Beloki alikuwa anateremka kuelekea Gap siku ya joto kali, lami ikiyeyuka. Gurudumu la nyuma likateleza, tairi likabanduka, akavunjika paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Mpinzani wake Armstrong, aliyekuwa nyuma yake, aliponea shambani. Nikiteremka kutoka Marangu nagusa breki kwa adabu, maana breki nazo huichemsha ringi.

Mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofika Kigali, Septemba 2025, nilimpelekea fundi viatu simu aone. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hawa wanashonea wapi?"

Nikamweleza kwamba timu nyingi zimeshahama. Sasa wanatumia matairi yasiyo na tyubu kabisa, yenye dawa ya majimaji ndani inayoziba tundu yenyewe.

"Na likichanika?"

"Gari linawaletea gurudumu jingine, mzee."

Akarudia kiatu chake. "Waambie mimi nipo."