Mwongozo wa Mwalimu Mpya wa Kiingereza Katika Nchi ya Chai

Hongera, Mwalimu. Barua ya Tume ya Huduma za Walimu inasema Bomet, nawe hujawahi kupita Narok. Futa machozi. Tume ilipoanza mwaka 2018 kuwapeleka walimu kaunti za mbali na kwao, wako waliokuja huku na begi la wiki mbili, na leo wana ng'ombe.

Kabla ya kamusi, nunua gambuti. Vile viatu vilivyochongoka vya siku ya mahojiano utavivaa ukialikwa harusi Nakuru.

Ukishuka Litein au Mogogosiek, salimia kwanza, ndipo uulize njia. Sema "Chamgei", toa mkono, ujibiwe "Chamgei mising", kisha muulizane ya nyumbani, ya ng'ombe na ya mvua. Ukimpita kogo, yaani bibi, mwenye kapu la majani mgongoni bila kumsalimia, habari zako zitafika shuleni kabla yako, na huenda mwenyekiti wa bodi ni mwanawe.

Siku ya kwanza utashika rejista kwa madaha. Utaita "Langat!" na nusu ya darasa itasimama. Huku mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa: Kipkoech ni wa alfajiri, Kiprotich ni wa saa ya ng'ombe kurudi, Kiplangat ni wa jioni, na dada zao ni Chepkoech, Cherotich na Chelangat. Kiprop alizaliwa mvua ikinyesha, na kwa mvua ya Kericho ni ajabu kwamba kuna jina jingine lolote. Usikimbilie jina la ukoo. Hilo ni la babu, naye babu alizaliwa jioni.

Imla na masimulizi viweke asubuhi. Alasiri upepo wa Ziwa Victoria hukutana na milima hii, na ikifika saa nane bati huanza kupigwa. Si manyunyu: ni mvua ya mawe, na nchi hii inajulikana duniani kwa wingi wake. Miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walifyatua maroketi mawinguni ili kuivunja kabla haijaanguka. Kama maroketi hayakuinyamazisha, sauti yako na chaki yako haviwezi. Andika zoezi ubaoni, ukae, ujifunze kusoma midomo.

Utadhani mkubwa wako ni mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu mwenyewe anajua kwamba mkubwa ni chai. Mwanafunzi akikosekana Jumatatu, usiharakishe kuandika "mtoro". Zamu ya shamba lao imefika, majani mawili na chipukizi hayangoji, na karani wa mizani pale kituoni haongezi mtu dakika. Karo nayo italipwa "bonasi ikitoka", yaani mnamo Oktoba, muhula wa tatu ukiwa ukingoni. Ikiwa kwenu ni Murang'a, usithubutu kutaja wakulima wa huko walipata shilingi ngapi kwa kilo. Wa huku wanalalamika kila mwaka kwamba bonasi yao ni ndogo, na hawahitaji mwalimu wa lugha awafundishe hesabu. Katika insha ya faida za teknolojia, ziache mashine za kuchumia chai. Mei 2023 waandamanaji waliziteketeza hapa jirani, Kericho, na unayemsahihishia insha huenda mamaye alikuwa mchumaji.

Sasa mursik. Utaalikwa, na kibuyu kitatikiswa mbele yako. Kitakachomiminwa kikombeni ni maziwa yaliyolala siku kadhaa, rangi ya majivu, yenye vitone vyeusi vya mkaa wa mti wa senetwet ambao kibuyu kilipakwa ndani. Usinuse. Usiulize sukari iko wapi. Usivitoe vile vitone kwa kidole kana kwamba ni nzi. Kunywa, tua, shukuru: "Kongoi". Kikombe cha pili kitakuja tu, na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipo, kwa sababu cha kwanza hata mgeni wa serikali hukimaliza.

Kanisani Jumapili utaombwa kumtafsiria mhubiri mgeni, maana wewe si wa Kiingereza? Kubali. Akisema kwa dakika kumi, wewe sema kwa tano, utaalikwa tena.

Na kama ulikuwa na ndoto ya kwenda kufundisha Kiingereza vijijini Japani, tulia, Japani itakufuata. Kati ya vitabu teule vya hiari kuna An Artist of the Floating World ya Kazuo Ishiguro, habari za mchoraji mzee baada ya vita. Usihangaike kuchora ramani. Darasa linaijua Japani: ndiko Probox iliyowaleta asubuhi, watu kumi na mbili na magunia mawili, ilikotoka. Ndiko Wilson Kiprugut Chuma, mtu wa Kericho, alikokwenda 1964 akarudi na shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Tena kuna kijana wa nyuma ya darasa anayefanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri ili achukuliwe na timu ya kampuni huko. Atakuuliza swali moja tu kuhusu riwaya hiyo: huyo mzee alilipwa ngapi?

Ukishindwa kabisa, omba uhamisho. Siku hizi maombi hufanywa mtandaoni. Asubuhi una vipindi, na kuanzia saa nane mtandao hukatika.