Kisanduku Cheupe

Ofisini kwetu siku hizi hakuna anayekuuliza kama una nafasi. Wanachungulia kalenda ya pamoja kwenye kompyuta, wakikuta kisanduku cheupe, umekwisha.

Calendly, programu ya kupangia vikao mtandaoni, ilianzishwa mwaka 2013 na Tope Awotona, mzaliwa wa Nigeria, aliyechoshwa na kuandikiana barua pepe zisizoisha ili kupanga kikao kimoja tu. Simlaumu, shida aliiona kweli. Ila kwetu kalenda imeletwa, semina elekezi imefanyika, soda zimenyweka, na barua pepe ziko palepale. Mwaliko ukiingia, inafuata barua pepe ya kuuliza kama umeuona mwaliko, kisha ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: “Wapendwa, tukumbushane.” Mwisho mhudumu anatumwa mlango kwa mlango.

Kalenda isiyosomeka ni ya bosi. Imeandikwa “ana shughuli” kutwa, mpaka Jumapili. Ratiba yake ya kweli iko kwenye daftari jeusi la katibu muhtasi, mama anayeandika kwa penseli, kifutio mkononi. Sisi wengine tunabofya “nakubali”, halafu tunasubiri penseli iamue.

Na saa je? Kompyuta inaandika 8:00, mgeni wetu wa warsha akasoma saa nane. Akafika mchana, tai shingoni, sisi tumeshafunga kwa sala. Wafadhili wa Ulaya nao hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao chetu nao cha saa tisa alasiri kinajikuta saa kumi, sawia na foleni ya kurudi Mbagala. Ukilalamika unaambiwa ni mfumo. (Mfumo siku hizi ndiye mtumishi pekee asiyepewa barua ya onyo.)

Wajanja wameshausoma. Jirani yangu wa meza amejipangia vikao vya yeye na yeye: “Mapitio ya mkakati”, “Tathmini ya ndani”. Hiyo tathmini ya ndani huwa ni ya supu na chapati, pale kwa mama ntilie nyuma ya jengo. Mimi niliyeacha visanduku vyangu wazi nimeingizwa kamati ya sherehe, kamati ya usalama kazini, na ile ya kuchunguza kwa nini vikao vimezidi. Hii ya mwisho haijawahi kukaa. Kila tukiipanga, kalenda inaonyesha wajumbe wote wana shughuli, isipokuwa mimi.