Nataka Sipiyu Tupu

Mwenye duka alimtazama mteja wake kwa muda, kama mama ntilie aliyeombwa sahani isiyo na wali.

"Kaka, sipiyu zipo. Hii ina kila kitu, mpaka nyimbo za harusi zimo ndani."

"Sitaki sipiyu. Nataka kasha."

"Kasha la nini?"

"La sipiyu."

"Sasa si ndiyo sipiyu yenyewe?"

Mteja huyo ndiye mwandishi wa makala haya, na duka hilo liko hatua chache kutoka soko la Mtwara mjini. Alikuwa ameingia na madaha ya mtu aliyesoma. Anajua kwamba sipiyu ya kweli ni kidude cha bapa cha sentimita nne hivi kila upande, kinachotoshea kiganjani kama biskuti. Lakini Watanzania wengi walishaamua zamani kwamba sipiyu ni lile boksi zima linalokaa chini ya meza, na uamuzi wa umma haubatilishwi na mteja mmoja wa asubuhi. Neno "kasha" ndilo lililoharibu zaidi. Pwani hii kasha ni lile la mbao lenye misumari ya shaba, la kuwekea kanga na vito vya bibi harusi. Baada ya robo saa, pande mbili zilikubaliana juu ya jina: mwandishi alikuwa anatafuta sipiyu tupu.

Sababu ya kuitafuta ilikuwa korosho. Malipo ya mnada yakishaanza kutoka, Mtwara, Newala, Tandahimba na Masasi huingia katika msimu wa harusi na ngoma, na kila harusi inataka video yenye machweo, maua yanayoanguka na bwana harusi anayetembea polepole kuliko kinyonga. Kompyuta ya kuhariri mambo hayo haipatikani kirahisi ikiwa imeshaundwa, kwa hiyo mwandishi aliamua kuiunda mwenyewe. Kwa miezi minne alinunua kiungo kimoja kimoja: prosesa, madabodi, RAM, kadi ya grafiki, pawa saplai. Kila kimoja alikisomea kama mwanafunzi wa kidato cha nne usiku wa kuamkia mtihani. Kasha aliliacha mwisho. "Hilo ni debe tu," aliwaambia rafiki zake.

Debe hilo lina sheria. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpangilio uitwao ATX, unaotaja ukubwa wa madabodi, matundu ya skrubu yawe wapi na soketi za nyuma zitokee upande gani. Madabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244. Mdogo wake, Micro-ATX, ni mraba wa milimita 244. Kitinda mimba, Mini-ITX, kilichobuniwa na VIA mwaka 2001, kina milimita 170 kila upande. Shukrani kwa sheria hizo, madabodi iliyotengenezwa Taiwan huweza kuingia katika boksi lililotengenezwa China na kufungwa na mtu wa Chikongola ambaye hajafika kokote kati ya huko.

Sipiyu tupu aliyouziwa ilikuwa imetoka ofisini, na mashine nyingi za ofisi zina mila zao. Kampuni kubwa hupenda kujitungia vipimo ili mteja asiende kununua vipuri kwingine. Mwandishi aliilaza madabodi yake juu ya mdomo wa boksi. Upande mmoja ulikaa vizuri. Upande wa pili ulibaki nje kwa sentimita 6, ukining'inia kama miguu ya mgeni mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Pawa saplai nayo ilikataa kuingia kwenye nafasi yake. Kitu pekee kilichoenea bila ugomvi kilikuwa waya wa umeme, na wenyewe haukai ndani ya boksi.

Alirudi nyumbani Shangani kwa miguu, boksi begani, akipitia upande wa bandari. Mtu aliyenunua chombo kabla ya kupima kitakachoingia asingepata njia ya kumfariji zaidi ya hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Kwa uhaba wa matrekta walichukua hata vifaru vya vita aina ya Sherman na kuvigeuza viwe vya kulimia. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zilizochaguliwa, na ili karanga zake zipate pa kutokea, zilijengwa reli na bandari ya kina kirefu Mtwara. Ardhi na mvua havikuwa vimepimwa sawasawa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa pamoja nao, kabla gati halijaanza hata kazi. Reli nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Kwa maneno mengine, Mtwara ilipata kasha zuri mno, yaliyokusudiwa kuingia ndani yakakosekana. Leo bandari hiyohiyo inapakia korosho na makaa ya mawe, na meli hazilalamiki.

Mwandishi alilipita gati kichwa kikiwa kimeinuka kidogo. Hasara yake ilikuwa shilingi elfu 35.

Jaribio la pili lilikuwa la kizalendo. Mkoa huu ndio nyumbani kwa Wamakonde, watu ambao mpingo wameuchonga mpaka dunia nzima ikawajua kwa vinyago vyao vya ujamaa na shetani. Kwa nini anunue bati la kigeni? Alianza kwa kuota kasha la mpingo, kisha akapiga hesabu. Mpingo huzama majini, kwa kuwa mita moja ya ujazo hufikia kilo 1,200 hivi. Kasha la kawaida lenye kuta za sentimita moja na nusu lingekuwa na kilo 14 kabla halijaingia hata skrubu moja. Tena mti wenyewe ni mwembamba na wa mikunjo, hautoi ubao mpana. Ndiyo maana dunia huutumia kwa klarineti na zumari, si kwa makabati. Akashuka kwenye mninga.

Fundi seremala aliyemwendea Magomeni alikuwa mzee wa makamo ya babu yake, penseli sikioni, futi kamba kiunoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Sanduku la nini?"

Mwandishi, akikumbuka yaliyomkuta dukani, aliogopa kutaja sipiyu. Akasema ni sanduku la kifaa kinachopata joto sana, kwa hiyo linataka matundu mawili ya duara mbele na moja nyuma, kila moja sentimita 12, hewa iingie mbele itokee nyuma. Mzee alitikisa kichwa kwa kuelewa. Alielewa kabisa. Hakuuliza swali lingine, na fundi asiyeuliza swali anatisha kuliko anayeuliza kumi.

Wiki iliyofuata kazi ilikuwa tayari, imepigwa msasa na vanishi. Matundu yalikuwa yamekatwa kwa ustadi. Chini ya kila tundu la mbele kulikuwa na kijiti kifupi kilichotokeza nje.

"Babu, hivi vijiti ni vya nini?"

"Hivyo nimekuongezea tu, sikuchaji. Watatua wapi?"

"Nani?"

"Njiwa."

Hata kama vijiti vingekatwa, kazi ilikuwa imeshaharibika kwa kosa la mwandishi mwenyewe. Alikuwa ametoa vipimo vya nje. Mbao za sentimita 2 kila upande zilikula sentimita 4 za ndani, na kadi ya grafiki ikakosa pa kuegemea. Mbao pia hazipitishi umeme. Kasha la chuma huunganisha madabodi na pawa saplai, na kupitia pini ya tatu ya plagi huunganishwa na ardhi. Chuma chake vilevile huzuia mawimbi ya mashine yasisumbue redio ya jirani. Mwandishi alilipa, akashukuru, akalipeleka sanduku kwa shangazi yake Naliendele, kilomita kama 10 nje ya mji, likakae stoo.

Mara ya tatu aliagiza Dar es Salaam. Safari hii alipima kwanza: urefu wa kadi, kimo cha feni ya prosesa, nafasi ya nyaya nyuma. Kila kitu alikipima isipokuwa tamaa. Kati ya makasha mawili, moja lilikuwa na uso wa wavu, jeusi, la kawaida kama chujio la tui. La pili lilikuwa na kioo mbele na kioo ubavuni, na feni tatu zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Wataalamu wa makasha husema jambo moja bila kuchoka: feni iliyozibwa na kioo haivuti hewa, inavuta matumaini. Mwandishi alikuwa amelisoma hilo mara nyingi. Akachagua kioo.

Mzigo ulipakiwa Mbagala kwenye basi la kusini mapema Mei 2024, wiki ambayo kimbunga Hidaya kilifika pwani. Mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Mwandishi alikuwa akimpigia kondakta kila jioni kuulizia hali ya kasha, mpaka kondakta akamwambia kwa upole kwamba garini pia walikuwamo watu.

Lilifika. Kilomita zaidi ya 550, mashimo, maji, shusha na pandisha, lakini kioo hakikupata hata mkwaruzo. Mwandishi alilibeba kutoka stendi ya Mkanaledi kama mtoto wa siku saba. Nyumbani alifungua skrubu nne, akakitoa kioo cha ubavuni na kukisimamisha taratibu sakafuni, kwenye marumaru.

Kioo cha aina hiyo hupashwa moto mkali kisha hupozwa ghafla, ndiyo maana uso wake hustahimili kipigo. Udhaifu wake uko kwenye kingo na pembe, na adui wake mkubwa ni marumaru ya kauri, ambayo ni ngumu kuliko yenyewe. Pembe ikiguswa tu pasipofaa, kioo kizima huachia kwa pamoja. Kilichomfikia mwandishi masikioni kilikuwa mlio mfupi, kisha sakafu ikajaa vipande mithili ya chumvi ya mawe. Mkononi hakubaki na kitu. Alisimama vilevile dakika nzima, vidole vikiwa bado vimeshika umbo la kioo.

Aliendelea kuunda hivyohivyo, ubavu ukiwa wazi. Ndani ya kasha alikuta kifuko cha vinguzo tisa vya rangi ya dhahabu, akadhani ni mapambo ya ziada, akavitia kwenye droo. Vinguzo hivyo ndivyo huinua madabodi isigusane na bati. Alipobonyeza swichi, feni zilijizungusha nusu mzunguko, taa zikapepesa, kisha kimya: pawa saplai ilikuwa imeona njia ya mkato ya umeme ikajizima yenyewe. Alibonyeza mara 11. Ya 12 akaenda kufungua droo.

Mashine ilipowaka hatimaye, ilianza kukaribisha wageni. Kwanza mjusi wa ukutani, ambaye aligundua kwamba juu ya pawa saplai kuna joto la daraja la kwanza. Kisha chumvi. Nyumba za Shangani ziko jirani na bahari, na kusi inapovuma kila kitu cha chuma hujua. Baada ya majuma machache skrubu zilianza kuvaa rangi ya kahawia. Mwandishi akaihamishia mashine Naliendele kwa shangazi, mbali na bahari.

Naliendele ndiko kilipo kituo cha utafiti wa korosho, na mikorosho imezunguka kila upande. Ilikuwa Julai, mikorosho inaanza kuchanua, na wakulima wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiri unga. Salfa ni rafiki wa mkorosho na hasimu wa shaba na fedha, ambazo huzigeuza nyeusi. Na madabodi, ukiiondolea jina, ni njia za shaba zilizofunikwa rangi. Alikuwa ameikimbia chumvi akaangukia salfa.

Alikata kipande cha chandarua cha zamani akakifunga mbele ya feni. Chandarua cha kawaida kina matundu takriban 156 kwa kila inchi ya mraba: mbu hapiti, ila unga wa salfa hupita ukipiga mluzi. Akakikunja mara nne. Vumbi likapungua, feni zikakosa pumzi, prosesa ikapanda hadi digrii 95, na bibi harusi wa Tandahimba akagandishwa katikati ya video, mdomo wazi, keki haijafika. Ufumbuzi aliopata ulikuwa wa kawaida mno kuusimulia: uso wa wavu wa shilingi elfu chache, kipande cha ubao mwembamba pale palipokuwa na kioo, na feni za kuingiza hewa zikazidi za kutoa, ili hewa ya ndani isukume nje kila mwanya na vumbi lipite kwenye chujio peke yake. Mpaka leo swichi haijaunganishwa vizuri. Mashine huwashwa kwa kugusisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi.

Shangazi hakuwa na muda wa kusikiliza hayo. Wakati mpwa wake anahangaika sebuleni, yeye alikuwa amelitoa lile sanduku la mninga stoo na kulitundika ukutani nje, chini ya paa. Njiwa sita wamehamia. Hewa inaingia mbele, inatokea nyuma, kama ilivyoelekezwa, na kila jioni njiwa hutua kwenye vijiti kabla ya kuingia. Jirani mmoja aliyesimama kulisifu aliuliza kitu kizuri kama hicho kinaitwaje.

"Hiyo?" shangazi alijibu. "Hiyo ni sipiyu."