Kutoa ni Moyo, na Wangu Mnao Tayari

Kwa Waziri,
Hazina ya Taifa,
Barabara ya Harambee,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA SHERIA YA UKARIMU WA LAZIMA KWA WENYE VIPATO VIKUBWA, AU KIPAZA SAUTI KWA SISI WENGINE

Pokea salamu za mwajiriwa ambaye kila mwisho wa mwezi hukuletea mchango wake bila kukosa, na ambaye hajawahi hata siku moja kuitwa mbele apeane mkono na mgeni wa heshima.

Nimeusikia tena ule mjadala usiokwisha: je, wenye vipato vikubwa walazimishwe kisheria kutoa sadaka? Wanaopinga wana jibu moja, nalo limekomaa: kutoa ni moyo, si utajiri. Ukimlazimisha tajiri, wanasema, umemnyang'anya thawabu yake. Hoja hiyo ilinigusa hadi nikaitoa hati yangu ya mshahara na kuisoma upya, nione ni kwenye mstari gani moyo wangu uliulizwa maoni.

Mtu wa mshahara wa shilingi 50,000 hukatwa 750 za nyumba za bei nafuu na 1,375 za bima ya afya ya jamii, na hapo NSSF na ushuru wa mapato bado hawajabisha hodi. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema makato ya nyumba yanakiuka katiba. Machi 2024 ikaja sheria nyingine, na asilimia ni ileile, 1.5. Silalamiki. Nasema tu kwamba moyo wangu ulitoa, ukapumzishwa, kisha ukaanza kutoa upya, na mimi mwenyewe nikapata habari gazetini.

Mtazame sasa mwenzangu mwenye majumba. Tangu Januari 2024, anayepangisha nyumba za kuishi na kupata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5. Mkenya mwenye hisa hukatwa asilimia 5 ya gawio lake, mkaagana kwa amani. Mimi, mshahara ukivuka 32,333 kwa mwezi, shilingi inayofuata hukatwa asilimia 30. Simwonei wivu. Nimeelewa kwamba kipato chake lazima kiachwe na nafasi, ili moyo wake upate pa kutokea.

Na hutokea kwelikweli, hasa Jumapili. Helikopta hutua kwenye uwanja wa shule, vumbi likajaa kwenye sufuria za pilau, kwaya ikaanza upya wimbo iliokuwa imeumaliza. Bahasha ya kaki hupita mikono mitatu kabla ya kufika mezani, kila mkono ukiipima uzito. Kisha mfawidhi hukohoa: “Mheshimiwa na marafiki zake, shilingi laki tano! Makofi ya kilo!”

Hao marafiki ndio hunishangaza. Sehemu kubwa ya nchi hii imejengwa nao. Hawana majina, hawana PIN, hawaonekani kwenye picha, lakini hakuna harambee waliyokosa. Mara nyingi nimejiuliza ni akina nani, na kwa nini watu wakarimu hivyo hawajawahi kualikwa kukaa viti vya mbele.

Sikatai kwamba harambee ina heshima yake. Neno lenyewe limo kwenye nembo ya taifa, na ofisi yako imelifanya anwani. Miaka ya 1960 na 1970 wazazi waliuza mahindi na mbuzi, wakajenga shule za sekondari hadi za harambee zikazidi za serikali. Hakuna helikopta iliyotua. Baadaye wanasiasa wakagundua kwamba mahali wanapokusanyika watoaji ndipo walipo pia wapiga kura, na mambo yakabadilika. Enzi za Moi machifu walizunguka vijijini kukusanya mchango wa hiari, na asiyekuwa na hiari alitolewa kuku wake. Kwa hiyo, Mheshimiwa, usitishwe na wanaosema kwamba ukarimu wa lazima ni jambo geni. Tumekwisha kuujaribu, ila tuliuanzia upande wa wenye kuku.

Kuwabana wakubwa pia tumejaribu, kwa adabu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwawekea mipaka. Julai 2024, baada ya vijana kufurika barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Rais Ruto mwenyewe aliwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huohuo alitoa shilingi milioni 2.6 katika kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Machi 2025 kanisa moja la Roysambu likapata milioni 20 kutoka kwa Rais huyohuyo. Naona marufuku ile imefuatwa kwa bidii ileile ambayo mimi ningelipa ushuru kama ungekuwa wa hiari. Kuhusu Askofu Mkuu, nilikaa nikisubiri ofisi yako iige mfano wake na kunirudishia zangu. Bado nasubiri.

Lakini kuna jambo ambalo wafawidhi hawalitangazi. Sheria ya Ushuru wa Mapato humruhusu mtu anayetoa kwa shirika la hisani lililoidhinishwa kuiondoa sadaka hiyo kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Mwenye kuvuka laki nane kwa mwezi, ambaye kiwango chake cha juu ni asilimia 35, akitoa milioni moja kwa njia hiyo anaweza kupunguziwa ushuru hadi shilingi 350,000. Yeye ametoa laki sita na nusu. Laki tatu na nusu zilizobaki zimetoka kwenye mfuko wa umma, yaani kwa mwalimu, kwa nesi, kwa askari wa kaunti, kwangu. Na shirika lenyewe wakati mwingine lina jina lake, au la marehemu mamake.

Hapo ndipo nilipowatambua wale marafiki.

Ndiyo maana siiungi mkono sheria ya sadaka ya lazima kama inavyopendekezwa, yaani tajiri alazimishwe kutoa lakini achague mwenyewe ampe nani, lini, na mbele ya kamera ngapi. Hiyo ni kampeni yenye risiti. Wenzetu Waislamu, kutoka Lamu hadi Eastleigh, walilimaliza suala hili zamani. Zaka yao ni lazima: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima. Huitazama mali iliyolala, si mshahara unaopita mbio. Wanaostahili kupewa wametajwa, mafungu manane. Nimeyapitia yote manane, Mheshimiwa. Kampeni haimo. Jezi za timu ya kata zenye picha ya mfadhili hazimo.

Ombi langu basi ni kwamba tubadilishane. Wao wapewe mtindo wetu: kiasi kijulikane, kikatwe kimyakimya, kiwe kimefika kwenu ifikapo tarehe 9 ya mwezi, bila kwaya wala bango. Najua watalia kwamba huo si ukarimu, huo ni ushuru. Watakuwa wamesema kweli, na nitawapigia makofi. Mtaniambia pia kwamba wakibanwa watazihamishia pesa Dubai. Mimi nami ningependa sana kuzihamishia Dubai zile 1,375. Tatizo ni kwamba mwajiri huzikata kabla sijafika uwanja wa ndege.

Sisi nasi tupewe mtindo wao. Mwezi ukiisha, afisa wenu aje kazini kwetu na meza yenye kitambaa. Nifike nimechelewa makusudi. Mfawidhi atangaze jina langu mara mbili na kulikosea mara moja. Nitoe mia mbili taslimu na kusema zilizobaki ni ahadi, na hakuna atakayenitoza riba wala faini kwa kuchelewa, maana ahadi za harambee hazidaiwi. Kwenye ukuta wa nyumba ya bei nafuu ambayo sitaishi, wekeni kibao: “Tofali hili ni hisani ya mwajiriwa.”

Zaidi ya yote, nataka kujibiwa kama mfadhili. Mtu akichangia kisima, hutumiwa picha ya kisima, ya watoto wakinywa maji, na barua ya shukrani. Akiuliza pesa zilikokwenda, kamati nzima hukosa usingizi. Mimi nimechangia barabara, hospitali na magari ya serikali tangu nianze kazi, na nikiuliza zilikokwenda huambiwa nisubiri ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ripoti hutoka. Huwa na kurasa nyingi, na husema kwamba stakabadhi hazikuonekana.

Iwapo haya yote ni mazito kwa bajeti ya mwaka huu, nitaridhika na kipaza sauti kimoja cha kukodi. Kwaya nitaitafuta mwenyewe.

Wako mtiifu kwa lazima,

Mwajiriwa.

Nakala: Marafiki wa Mheshimiwa (kwa kuwa anwani yao haijulikani, tafadhali tumieni yangu).