Namna ya Kufunga Mwaka Bila Kitabu na Bila Aibu

Desemba imefika, ndugu mwandishi wa watoto, na kitabu chako hakijatoka. Muswada uko kwa mchapishaji tangu masika, mchoraji amekwama katikati, na kila unayekutana naye stendi ya Bagamoyo anakuuliza, "Mwalimu, kile kitabu vipi?" Wenzako wanaandika salamu za kufunga mwaka: shukrani, changamoto, matumaini. Wewe unatafuta mlango wa nyuma. Upo. Mwaka uliokwenda mrama unaweza kufungwa vizuri, tena kwa njia ya mkato, nami nitakupitisha humo taratibu. Tufanyie Mbegani, upande wa Kaole na chuo cha uvuvi, kwa sababu ukiweza kutoa hesabu yako mbele ya watoto wa wavuvi, utaitoa popote.

1. Shukuru upesi, na utaje kazi ya mtu

Achana na "nawashukuru wote waliofanikisha kwa namna moja au nyingine." Sentensi hiyo haimfurahishi yeyote kwa kuwa hakuna anayejiona ndani yake. Watu wanapenda kutajwa. Nawe unapenda, basi wape wenzako kile unachokipenda.

Anza na mama wa Mlingotini aliyekueleza habari za mwani. Yeye ndiye aliyekwambia kwamba kazi inafuata bamvua: maji yanatoka mbali, wanashuka na kamba zilizofungwa vipande vya mwani, wanazikaza kwenye vigingi, wanapanda na kung'oa magugu, kisha wanarudi nchi kavu kabla maji hayajawafika kiunoni. Bila yeye ungeandika kwamba mwani unaokotwa tu ufukweni, na kila mtoto wa kijiji kile angegundua papo hapo kuwa mwandishi hajui analolisema. Mpelekee ujumbe mfupi: "Mama, shikamoo. Ule ukurasa wa mwani ni wako." Muulize kama anataka jina lake liandikwe kitabuni. Akikubali, liandike vizuri, la kwake na la baba yake.

Halafu mchoraji. Jina lake huwekwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, ilhali mtoto wa miaka mitano husoma picha kabla hajaijua hata herufi moja. Kwa mtoto huyo, mwenye kitabu ni mchoraji. Kama humlipi kwa wakati, usimwandikie shukrani. Mtumie hata nusu ya pesa yake kabla ya sikukuu.

Sasa mkato wenyewe. Shukrani hizo ulizoziandika kwa ajili ya mwisho wa mwaka ndizo zitakazokaa ukurasa wa mwisho wa kitabu. Umeshaandika ukurasa mmoja, na ulidhani unaandika salamu.

2. Taja changamoto moja tu, na uijue asili yake

Kila mwandishi anaamini kwamba mwaka wake ulikuwa mgumu kuliko wa wengine wote. Mruhusu msomaji wako apumzike. Chagua shida moja, isimulie kwa sentensi chache, kisha onyesha kwamba unajua imetoka wapi. Ukiijua asili yake huoni aibu tena, kwa kuwa unaona si wewe peke yako uliyekwama.

Na asili yake ni hii. Katika miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu, uchumi ulikuwa umebana, na mashirika ya umma ya uchapishaji yalidhoofika. Hadithi za watoto ndizo zilizopotea kwanza. Mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wa busara: mradi unanunua sehemu ya nakala kutoka kwa mchapishaji na kuzigawa shuleni, hivyo mchapishaji anathubutu kuchapa hadithi akijua mzigo wote hautamwozea ghalani. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota. Elieshi Lema, ambaye mwenyewe huwaandikia watoto, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya uchapishaji ya E & D. Watu hawa walijenga rafu ya hadithi mahali ambapo hapakuwa na kitu, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo yoyote.

Kisha mwaka 2013 ikavunjwa EMAC, kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya wachapishaji binafsi kwa matumizi ya shule. Kazi ya vitabu vya kiada ikaenda Taasisi ya Elimu Tanzania. Mchapishaji aliyekuwa akiuza kitabu cha hisabati, na kwa faida yake akachapa kisa cha sungura, alibaki na sungura peke yake. Kitabu cha kiada ndicho kilichokuwa kikiilipia hadithi nauli. Kwa hiyo muswada wako ukikaa mezani mwaka mzima, usimchukie mhariri. Kuna hesabu ngumu anayoipiga, na wewe ni tarakimu moja ndani yake.

Ukishaelewa hayo, futa kwenye salamu zako ile kauli ya kwamba watoto wa siku hizi hawasomi. Hapa nitakaza sauti kidogo. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto anajifunza kuunga silabi, siku moja zinafunguka na anasoma neno zima. Halafu asome nini? Kama nyumbani hakuna hadithi na darasani kuna kitabu cha kiada pekee, mtoto atajua kusoma kama kazi ya shule, na kazi ya shule huachwa shuleni. Mzazi naye hulaumiwa bure: Januari inamdai sare, viatu, begi na madaftari, na hadithi inaangukia mwisho wa orodha. Sema hivyo kwenye salamu zako. Ni kweli, na hakuna atakayekuona mlalamishi.

3. Toa kitabu bila mchapishaji

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Nenda kwa mwenye steshenari, toa kopi za michoro ya penseli kama ilivyo, uzikuze ziwe A3. Shule zimefungwa, watoto wapo mtaani. Waombe ruhusa wazazi, chagua saa ambayo watoto hawako madrasa, tafuta baraza lenye kivuli. Keti chini kama wao. Anza na "Paukwa!" na usubiri waitikie kwa sauti inayokuridhisha. Wakiitikia kinyonge, rudia. Kisha soma muswada wako wote, ukurasa kwa ukurasa, ukiinua picha.

Umekwisha kutoa kitabu. Kina wasomaji, kimesikika, na leo usiku kitasimuliwa tena kwenye nyumba kadhaa kwa maneno ambayo wewe hukuyaandika.

Lakini fumbua macho wakati unasoma, maana hapa ndipo faida ilipo. Shika penseli. Mahali watoto wanapoanza kuchorachora mchangani au kuvutana kandambili, weka alama pembeni ya ukurasa na uendelee. Usiwanyamazishe. Jioni ukifika nyumbani, fungua palipo na alama: mara nyingi utakuta sentensi ndefu, au pale ulipoacha kusimulia ukaanza kuhubiri adabu. Ikate sentensi. Mahubiri yafute yote.

Watakusahihisha pia, tena bila kuogopa. Ukisoma kwamba pweza alielea juu ya maji akiifuata ngalawa, mtoto ambaye mama yake huenda mwambani na fimbo atakwambia kwamba pweza yuko shimoni mwake na hutolewa kwa kuchokolewa. Ukiinua picha ya ngalawa isiyo na mirengu, mwingine atasema hiyo itapinduka. Hapo majivuno yatakupanda kooni. Mwandishi yeyote angeona hivyo. Yameze, mpe mtoto penseli, mwambie aichore mirengu mahali pake. Mhariri wa mjini asingeliona kosa hilo, na lingechapwa kwenye maelfu ya nakala.

Usisahau kumwalika bibi au babu wa nyumba. Atasikiliza hadi mwisho, kisha atasema, "Hiyo tunayo, ila sisi tunaisimulia hivi." Iandike. Unaruhusiwa kuchukua. Hadithi za pwani zimechukuliwa tangu zamani: Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapa London mwaka 1870. Wewe chukua kwa heshima. Andika ni nani aliyekusimulia, wapi, na kitabu kikitoka mrudishie nakala mkononi.

4. Kuhusu tuzo

Hukushinda. Au hukupeleka kabisa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, na hadithi za watoto zina nafasi yake humo. Nunua kitabu cha aliyekushinda, kisome kwenye baraza lilelile. Ukiona watoto hawachezei kandambili hata mara moja, umepata somo kwa bei ya kitabu kimoja.

5. Tumaini dogo, lenye tarehe

Usiahidi kwamba mwakani utatoa vitabu vitano. Mbegani imeishi na habari ya bandari kubwa tangu makubaliano na China ya mwaka 2013, na miaka imepita. Hapa tumaini lisilo na tarehe halina mnunuzi. Andika jambo moja unaloweza kulishika: wiki ya kwanza shule zikifunguliwa, nitaomba kipindi kimoja darasa la pili. Mwisho wa Februari, nitamlipa mchoraji salio. Basi. Watu watakuamini kwa sababu wanaweza kukuuliza.

Na kama roho bado inakusumbua kwamba umechelewa, kumbuka kisa cha Alice wa Lewis Carroll. Kiliingia kwenye Kiswahili mwaka 1940 kama Elisi, kwa mkono wa St Lo Conan-Davies. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakifasiri upya, miaka 75 baadaye, na wasomaji walikuwepo. Hadithi ya watoto ina subira kuliko mwandishi wake. Kila mwaka wanazaliwa wengine ambao hawajaisikia.

Nami naamini hivyo kwa dhati. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa Desemba 9, 1967, wakati nchi changa ilikuwa na mahitaji chungu nzima, na bado watu waliona rafu za vitabu ni miongoni mwa mahitaji hayo. Hatujafikia walikotaka tufike. Tofauti kati ya mtoto wa Mbegani mwenye hadithi mkononi na asiyekuwa nayo inaweza kuwa kopi kumi za A3 na alasiri moja ya mtu mzima.

Basi, ukiwa mzazi, Januari ukishalipa sare na madaftari, bakiza pesa ya hadithi moja ya Kiswahili, na uisome kwa sauti kabla hawajalala. Ukiwa mwandishi, beba kopi zako uende. Watoto wako barazani sasa hivi.