Msaidizi Mwenye Bei

Mkazi wa Kayole, Dandora au Umoja anayerudi kutoka ushago mwezi wa Januari anajua hesabu isiyofundishwa shuleni. Kilomita 350 hivi za kutoka Kisumu hadi Nairobi zina mwisho. Zile chache za kutoka kituo cha mabasi cha Machakos hadi mlangoni kwake hazina. Basi linaweza kukwama Gilgil, likakwama tena Naivasha, likapanda Mai Mahiu kwa kuhema, na bado abiria akaamini kwamba atafika. Imani humtoka barabara ya Landhies, anaposhushwa saa tatu usiku akiwa na gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, watoto waliolala kwa zamu na jogoo aliyekesha safari nzima. Kituo hicho watu hukiita Machakos Airport, ingawa ndege pekee wanaotua pale ni kuku. Hapo ndipo watu asiowajua kabisa wanapomkimbilia ili wamsaidie, na ndipo wazee wanapomwonya asimwamini mgeni. Mimi nasema kuna wa kumwamini: yule anayetaja bei.

Mtazame kwanza msaidizi wa bure. Ndani ya basi ni yule jirani mkarimu mno, anayekugawia biskuti na soda kabla hajakuuliza unakwenda wapi. Wakenya wameonywa miaka mingi kuhusu vyakula vya namna hiyo, maana waliovila wameamka mwisho wa safari bila simu, bila pochi, na wakati mwingine bila viatu. Sasa mtazame bebabeba, mchukuzi wa mizigo wa Machakos. Anadai mia mbili, unampa hamsini, anaapa kwamba unamtukana, unaapa kwamba anakuibia, mnaelewana kwa mia. Katika ugomvi huo mdogo mmetazamana usoni, na wauza maji, makanga na wapiga debe wote wamesikia nani amebeba mzigo wa nani na kwa kiasi gani. Kesho atakuwa palepale na mkokoteni wake. Mwizi hawezi kugharamia mashahidi wengi hivyo.

Utasema basi hiyo ni biashara, utu umetokea wapi? Swali ni la haki. Jibu liko katika yale yasiyokuwemo kwenye bei. Mia ilikuwa ya gunia, lakini bebabeba anamgeuza jogoo kichwa kikae juu, anakwambia ufiche simu mnapoikaribia Muthurwa, kisha anakukataza kupanda gari fulani kwa kuwa litageuzia njiani na kuwamwaga abiria Donholm. Hakuna aliyemlipa kwa maarifa hayo. Makanga naye, baada ya kukutoza nauli maradufu bila aibu, anampakata mtoto wako hadi steji ya mwisho huku akining'inia mlangoni kwa mkono mmoja. Mama mboga aliye karibu na ploti anakubali kukaa na ndizi zako hadi asubuhi, na malipo yake ni kichane kimoja ambacho atakichagua mwenyewe, na atachagua vizuri. Soja wa lango anafungua saa sita ya usiku kwa manung'uniko mengi, halafu anabeba gunia hadi ghorofa ya nne akiendelea kunung'unika. Bei ndogo iliyotajwa mapema ni kama kizingiti: mkishakivuka, mnaweza kukaa ndani kwa amani. Anayekataa kuitaja anakuacha barazani ukijiuliza atadai nini.

Wako watakaosema dawa ya haya yote ni usafiri bora, na wageni wabaki wageni. Sina ugomvi na usafiri bora. Ninauliza tu unamfikisha nani wapi. Treni ya Madaraka Express imebeba watu wa Mombasa tangu 2017, lakini inawashusha Syokimau, na mtu wa Komarock bado ana safari nyingine nzima. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 inaelea juu ya Mombasa Road hadi Westlands. Jogoo Road inaisikia kwa jina. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilimpa kila abiria kiti na mkanda, zikaufunga mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo msongamano wa Landhies unaiheshimu kupita kiasi. Hazikusema jogoo akae wapi. Na mwishoni mwa 2017, baada ya ajali ya barabarani huko Migaa iliyoua watu 36, Mamlaka ya Usalama Barabarani ilipiga marufuku mabasi kusafiri usiku, wakati shule zilipokuwa karibu kufunguliwa. Sababu ilikuwa nzito, hakuna wa kuicheka. Lakini amri ilisema basi lisimame, haikusema abiria alale wapi. Maswali ya namna hiyo serikali huwaachia muuza chai wa stendi na mwenye kulaza watu kwa bei ya kujadiliana.

Nakiri kwamba wapo bebabeba wanaokimbia na mzigo, hasa kwa mtu anayeonekana hajui aendako. Ila kumbuka kwamba anayekimbia ni yule aliyenyakua gunia kwanza akisema tutaongea mbele. Aliyesimama kubishana shilingi hamsini ana shughuli ya kufanya, na shughuli yake ni wewe.

Kwa hiyo, ndugu unayerudi Njaanuari hii na kila ulichopewa na nyanya yako: usiachie mzigo kabla ya bei, usiwape biskuti za jirani hata watoto, na ubebe noti ndogondogo. Hakuna bebabeba Machakos mwenye chenji ya elfu moja.